Jedwali la Ukurasa wa 19

Kwa miezi mitatu mfululizo nilipeleka kwa menejimenti jedwali lilelile la vihatarishi vya miradi, na hakuna aliyeshtuka. Sikufanya makusudi. Kila mwisho wa mwezi nilikuwa nachukua faili la taarifa iliyopita, nalinakili, nabadilisha jina la mwezi pale juu, kisha naanza kujaza takwimu mpya ukurasa kwa ukurasa. Taarifa ilikuwa na kurasa 34. Ukurasa wa 19 niliuruka mara ya kwanza kwa sababu meneja mmoja alichelewa kuniletea maelezo yake. Mara ya pili na ya tatu nilisahau tu.

Niligundua mwenyewe, siku niliyokuwa natafuta tarehe ya mkataba fulani. Mstari wa nne ulisema mkandarasi bado hajasaini. Mkandarasi huyo alishasaini, alishalipwa awamu ya kwanza, na vijana wake walikuwa chumba cha pili, nawasikia wakicheka. Jasho likanitoka. Nikakusanya nakala zote tatu nikaenda kwa mkuu wa ofisi yetu kujisalimisha kabla sijakamatwa.

Alikuwa mama mtu mzima, si msemaji. Akafunua ukurasa wa 19 kwenye nakala ya kwanza, ya pili, ya tatu, akazipanga mezani. Nikajiandaa kupokea barua ya onyo.

"Na ule mwezi wa kabla ya hii, ukurasa huu ulipokuwa sahihi," akaniuliza, "nani aliusoma?"

Sikuwa na jibu, na nadhani mambo yote niliyoyaona baadaye kwenye kazi hii yalianzia kwenye swali hilo.

Ofisi yetu ilianzishwa kwa hasira. Mradi mmoja mkubwa ulikuwa umechukua karibu mara mbili ya muda uliopangwa, na wakubwa wakajua siku fedha zilipoisha. Wakasema haitatokea tena, wanataka jicho. Tukawekwa watu watatu kwenye chumba kimoja, tukaitwa ofisi ya usimamizi wa miradi. Kazi yenyewe tuliijua kwa kuisoma mafunzoni, kwa hiyo tukafanya tulichofundishwa: violezo. Kiolezo cha andiko la mradi, cha mpango kazi, cha rejesta ya vihatarishi, cha kuomba mabadiliko, cha kufunga mradi. Vikafika 23. Kulikuwa na fomu ya kuomba ruhusa ya kutojaza fomu. Natamani ningekuwa natania.

Miaka kadhaa baadaye, nilipoanza kusoma ofisi za namna hii zilitoka wapi, ndipo nilipoona tulipopotea. Mwaka 1955 Jeshi la Majini la Marekani liliunda ofisi maalumu ya makombora, ambayo ndiyo iliyokuja kutengeneza kombora la Polaris. Ofisi ile ilikuwa na mradi mmoja, mkubwa mno, wenye wakandarasi kila kona, na mkuu wake alikuwa na rungu la kweli mkononi. Humo ndimo ilimozaliwa, mwaka 1958, mbinu ya PERT: kuzichora kazi kama mtandao na kuikadiria kila kazi kwa muda wa aina tatu, mambo yakienda vizuri, yakienda kawaida na yakiharibika. Julai 1960 kombora likarushwa kutoka kwenye nyambizi ikiwa chini ya maji, na sifa za chati zile zikaenea kila mahali. Waliokuja kuichimba historia hiyo, hata hivyo, walikuta kwamba chati zilifanya na kazi ya pili isiyosemwa sana. Ziliwatuliza wakubwa wa nje, wakaamini kila kitu kiko mkononi, wakawaacha wahandisi wafanye kazi. Niliposoma habari hiyo niliikumbuka taarifa yangu ya kurasa 34.

Sisi tulikuwa na miradi 38, mingine ya watu wanne na kompyuta mbili, na yote tuliivika joho la Polaris. Rungu hatukuwa nalo. Mwongozo wa PMI, chama cha wasimamizi wa miradi kilichoanzishwa Marekani mwaka 1969, ulizigawa ofisi hizi katika makundi matatu: zinazosaidia, zinazodhibiti, na zinazoiendesha miradi zenyewe. Kwenye hati ya kuanzishwa kwetu tulikuwa wadhibiti. Kwa vitendo tulikuwa posta. Makaratasi yanaingia, tunayapiga muhuri, yanatoka.

Barua ya onyo haikuja. Mkuu wangu alifanya jambo ambalo mimi nisingethubutu: mwezi uliofuata hatukutoa taarifa. Hatukutangaza, hatukuomba radhi, tulikaa kimya tuone nani atauliza. Waliuliza watatu. Mkaguzi wa ndani aliitaka kwa ajili ya jalada lake. Mhasibu mmoja alitaka makadirio ya matumizi ya robo mwaka inayofuata, akakiri kwamba kila mwezi huwa anaruka moja kwa moja hadi ukurasa wa 27 na hajawahi kufungua mwingine. Wa tatu alikuwa mhudumu wa mashine ya kudurufu, aliyetaka kujua kama tunaumwa.

Taarifa ikawa ukurasa mmoja. Siku nne za kila mwezi zikarudi mikononi mwangu, na mimi nikadhani nitapumua. Badala yake nikatumwa kukaa na timu ya mfumo wa malipo, siku mbili kila wiki, bila fomu yoyote mkononi.

Meneja wa mradi ule alikuwa kijana mwepesi wa akili na wa maneno. Siku ya kwanza alinipokea mlangoni: "Karibu, afande." Timu nzima ikaangua kicheko, na mimi nikacheka kidogo, kinafiki. Wiki mbili za mwanzo mazungumzo yalikuwa yanakatika nikiingia. Nilikaa pembeni, nikajifunza nani anamtegemea nani, nikawasaidia kuandika muhtasari wa vikao kwa sababu hakuna aliyeipenda kazi hiyo.

Wiki ya tatu alifungua kabati kuchukua rimu ya karatasi. Upande wa ndani wa mlango kulikuwa na ratiba imebandikwa, imeandikwa kwa penseli, imefutwafutwa mpaka karatasi imetoboka sehemu mbili. Tarehe ya kukamilisha ilikuwa miezi minne baada ya ile aliyotuletea ofisini. Akaona nimeona. Akaufunga mlango taratibu.

"Kaka, ukiipeleka hiyo juu, mimi na wewe basi."

Nikamuuliza kwa nini hakutuletea ratiba hiyo tangu mwanzo. Akanieleza. Mwaka uliotangulia aliwahi kuuandika mradi wake rangi nyekundu, yaani una tatizo, kama utaratibu wetu ulivyotaka. Wiki ileile akaitwa vikao vinne na kuandika maelezo mara tatu. Tatizo lenyewe lilikuwa kibali cha kuingia kwenye seva, kimelala mezani kwa mtu mmoja, na katika vikao vyote vinne hakuna aliyenyanyua simu kumpigia mtu huyo. "Tangu siku hiyo," akasema, "mradi wangu ni kijani. Hata ukiungua, utaungua kijani."

Nilirudi kwa mkuu wangu nikamsimulia habari ya kabati bila kutaja la nani. Nadhani alilijua. Tukabadilisha kanuni moja tu: anayeandika nyekundu haitwi popote. Sisi ndio tunamfuata, ndani ya siku mbili, tukiwa na swali moja: nini kimekwama, na kimekwama kwa nani? Halafu tunakwenda kwa huyo aliyekwamisha. Mkuu wangu alikuwa na kipaji cha kukaa mbele ya meza ya mtu, akatulia, mpaka karatasi isainiwe.

Mwezi wa kwanza wa kanuni hiyo miradi myekundu ilitoka mmoja ikawa tisa. Simu ziliita siku nzima. Mkurugenzi mmoja alimwambia mkuu wangu mbele ya watu, "Mama, kabla yenu hatukuwa na miradi mibovu." Kusema haki, miwili kati ya ile tisa haikuwa na shida yoyote, mameneja wake walitaka tu kutembelewa. Saba iliyobaki ilikuwa mibovu tangu zamani.

Jambo lililonifungua macho zaidi lakini lilikuwa ukuta. Tulibandika karatasi 38, kila mradi karatasi yake, tukawaomba mameneja waandike majina ya watu ambao bila wao kazi inasimama, na siku wanazowahitaji kwa wiki. Tulitegemea picha ya miradi inayogombania fedha. Kwa fedha hatukuona mgogoro mkubwa. Tuliona jina moja, la mtaalamu wa kanzidata, kwenye karatasi 11. Kila meneja alikuwa amemhesabia siku moja au mbili, kila mmoja kwa nia njema, bila kujua habari za mwenzake. Nikajumlisha. Wiki ya mtu huyo ilihitaji siku 14.

Nikaenda kumuuliza. "Dada, uko kwenye miradi mingapi?"

Akafikiri. "Niliyoambiwa ni mitatu."

Nilisimama pale nikiwa na orodha mkononi, nikashindwa kumwonyesha. Ratiba 11 zilizopita mikononi mwangu, nilizozipiga muhuri mimi mwenyewe moja baada ya nyingine, zilimtegemea mtu ambaye kwenye nane kati ya hizo hakujua kama anasubiriwa. Kila ratiba, ukiisoma peke yake, ilikuwa sahihi kabisa. Tungeendelea kukagua mradi mmojammoja hadi leo tusingeliona hilo. Kuanzia hapo nilianza kuamini kwamba kazi ya ofisi kama yetu iko kwenye nafasi iliyopo kati ya mradi na mradi, mahali ambapo meneja hawezi kufika kwa sababu si pake.

Jibu la kwanza la wakubwa lilikuwa tuajiri wengine wawili. Ni jibu la kibinadamu. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa programu endeshi ya kompyuta za IBM miaka ya 1960, aliandika mwaka 1975 kwamba ukiongeza watu kwenye mradi wa programu uliokwisha kuchelewa, unauchelewesha zaidi. Wala si uchawi. Mgeni lazima afundishwe, na mwalimu pekee ni yule mwenye wiki ya siku 14. Tukawaambia hivyo. Kilichobaki ni kupunguza miradi.

Kikao cha kupunguza kilichukua saa tano. Tuliweka mezani orodha moja ya miradi yote, na kwa kila mradi fedha zilizobaki, watu unaowashikilia, na miradi mingine inayosubiri watu haohao. Hatukusema upi ufe. Hilo mkuu wangu alilisisitiza usiku wa kuamkia kikao: ofisi ya miradi ikianza kuchagua, kila aliyekosa ataigeuza adui, na mwaka ujao hatutaletewa taarifa za kweli hata moja. Kwa hiyo tulikaa kimya tukitazama, na nilichokiona ni kwamba kila mkurugenzi alikuwa tayari kusimamisha mradi wa jirani yake. Hoja iliyorudi mara nyingi kuliko zote ilikuwa "tumeshatumia nyingi mno kuacha sasa." Mhasibu wetu wa ukurasa wa 27 ndiye aliyeivunja, kwa sauti ya upole: fedha zilizokwenda zimekwenda hata mkiendelea, swali ni hizi zilizobaki.

Katikati ya orodha kulikuwa na mradi yatima. Mkurugenzi aliyeuanzisha alishastaafu, meneja wake alishahama idara, na bado ulikuwa unapata bajeti na kukutana kila mwezi. Nilisoma mihtasari ya vikao vyake vya mwaka mzima. Katika kila kikao ajenda namba tatu ilikuwa "kumpata meneja wa mradi." Watu watatu, mwaka mmoja, na kila mara walikubaliana kulileta tena kikao kijacho. Huo haukuwa na mtetezi, ukafa kwanza. Mingine 11 ikafuata kwa vuta nikuvute. Meneja mmoja ambaye mradi wake ulisimamishwa hakunisalimia kwa karibu mwaka. Sikumlaumu. Alikuwa ameufanyia kazi hata siku za mapumziko, na tatizo la mradi wake halikuwa lake.

Isidhaniwe kwamba kila tulichogusa kilinyooka. Timu za programu zilipoanza kufanya kazi kwa mizunguko ya wiki mbili, kwa ule mtindo wa ajaili (agile) uliotangazwa mwaka 2001 na watu 17 waliokutana Utah, sisi tulishupaza shingo. Tuliwadai ratiba ya miezi 12 yenye tarehe ya kila kazi. Wakatuletea. Ilikuwa nzuri, ya rangi, na ya uongo kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na sisi tukaipiga muhuri. Baada ya aibu hiyo tukaegemea upande wa pili: fanyeni mnavyotaka, tuonyesheni tu kitu kinachofanya kazi kila baada ya wiki mbili. Nilihudhuria maonyesho hayo na kuyapenda kuliko kikao chochote nilichowahi kukaa. Miezi minane baadaye tukagundua timu mbili zimejenga, kila moja kivyake, daftari la wateja. Mawili, yasiyosomana. Tulikuwa tumeacha kuwabughudhi, na wakati huohuo tumeacha kutazama ukuta.

Mwaka niliofanya mtihani wa cheti, mwongozo wa PMI ulikuwa na michakato 49 iliyogawanywa katika maeneo 10 ya maarifa. Niliikariri yote kama kasuku, na ninajivunia kwamba ipo ninayoikumbuka hadi leo. Toleo la saba lilipotoka mwaka 2021, uti wa mgongo wa kitabu ukawa misingi 12 na nyanja nane za utendaji. Wenzangu kadhaa waliona kama wameibiwa. Mimi sikuumia sana. Nilishakaa karibu na kabati la yule kijana, na sijui mchakato wa ngapi kati ya 49 ungeweza kulifungua.

Siku hizi ukurasa wetu mmoja hatuuandiki kwa mkono. Programu yenyewe inachota takwimu, na akili unde inatunga maelezo kwa dakika chache, kwa lugha laini kuliko yangu. Sina ugomvi nayo. Ingekuwapo wakati ule, jedwali la ukurasa wa 19 lingekuwa sahihi kila mwezi. Nani angelisoma, hilo ni jambo jingine.

Kazi inayonipeleka nje ya ofisi sasa ni kurudi kwenye miradi iliyokwisha kufungwa. Zamani mradi ukifungwa kwa wakati na ndani ya bajeti tulipiga picha ya pamoja, jalada likaenda masjala. Sasa tunarudi baada ya miezi sita kutazama kama kile kilichoahidiwa kwenye andiko kimetokea. Ni kazi isiyo na heshima kubwa. Aliyejenga hataki kuulizwa tena, na anayetumia alishazoea shida zake.

Mradi wa kwanza niliorudia ulikuwa mfumo wa kuandikisha wateja, mmoja wa ile tuliyoipigia makofi zaidi. Nikaenda kwenye kituo kimojawapo, nikakaa nyuma ya karani. Kompyuta ilikuwa imewaka. Juu ya kibodi kulikuwa na daftari kubwa la mistari, na yeye alikuwa anaandika humo kwa kalamu.

Nikamuuliza kama mfumo umeharibika. Akasema hapana, unafanya kazi vizuri sana. Ila hauendi ukurasa wa pili mpaka uingize namba ya simu ya mteja, na wateja wengine hawana simu, wengine hawataki kuitoa, na foleni haisubiri. Kwa hiyo mchana anaandika daftarini, jioni anaingiza wote kwa pamoja.

"Na namba za simu unazipata wapi?"

Akacheka, akainua simu yake. "Naweka yangu."

Akanionyesha. Jumbe za kukumbusha miadi, jumbe za kushukuru kwa kujisajili, mamia kwa mamia, kila mmoja ukimwita jina la mtu mwingine.

Kulifanya sanduku lile la namba ya simu lisiwe la lazima kulihitaji mtunga programu na nusu siku. Lakini mradi ulishafungwa, bajeti ilishafungwa, meneja alishapewa kazi nyingine, na idara iliyoupokea mfumo haikuwa na mtu wa kubadilisha kitu. Nilizunguka na ombi hilo kwa wiki saba. Nilitumia mbinu ya mkuu wangu, ya kukaa mbele ya meza ya mtu nikatulia, ingawa yeye alikuwa na subira kuliko mimi. Siku waliyolibadilisha nilimtumia yule karani ujumbe kumjulisha, nikashangaa siku mbili zinapita hajajibu. Nikampigia. Akasema hakuuona, labda umezama huko katikati ya ujumbe wa wateja.